SEHEMU YA 3: Bunduki fupi siyo bunduki salama

Mama zangu na wadogo zangu mnaolea watoto huku Marekani, leo tuongee lile ambalo akina baba wanabishania sebuleni sisi tukiwa jikoni: bunduki ipi inafaa kulinda nyumba, ya kawaida au bulpapu?

Kwa asiyejua: bulpapu ni ile ambayo chemba na magazini vimewekwa nyuma ya triga, karibu na bega. Kwa hiyo mtutu unabaki mrefu, lakini bunduki nzima inakuwa fupi. Tavor X95 ina sentimita 66 hivi, wakati AR-15 yenye mtutu unaokaribiana na huo inavuka 80.

Wenye nazo wanaisifu: inageuka kirahisi kwenye korido, na uzito umekaa begani. Wanailalamikia pia: triga nzito, magazini unaibadilisha kwapani, moshi na mlio viko karibu na uso, na anayetumia mkono wa kushoto anarushiwa maganda usoni. Ufaransa yenyewe ilitumia bulpapu yake, FAMAS, miaka mingi, halafu 2016 ikachagua HK416 yenye umbo la kawaida.

Sawa, nimewasikia. Sasa mimi nesi nauliza: katika mabishano yote hayo, mtoto yuko wapi?

Eti fupi ndiyo nzuri kwa nyumba! Jamani, inayopita kirahisi kwenye korido inaingia kirahisi pia chini ya kitanda na nyuma ya kabati. Na mtoto wako anajua chini ya kitanda kuliko wewe. Risasi nazo ni zilezile, fupi au ndefu, na kuta zetu hizi za jasi hazizizuii.

Tangu 2020, silaha za moto ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa mwaka 1 hadi 19 nchini humu, kuliko ajali za magari, kuliko kansa. Na katika vifo vyote vya bunduki, zaidi ya nusu ni watu waliojiua wenyewe. Mwizi unayemwogopa yuko nje. Hii hatari umeilaza ndani.

Halafu kuna hili lisilosemwa. Kiswahili chetu kinaita risasi ile inayotoka mtutuni, na kinaita risasi madini yenyewe. Yote mawili yanadhuru. Baba akirudi kutoka kulenga shabaha, vumbi la madini hayo liko mikononi na kwenye nguo, na linadhuru ubongo wa mtoto mdogo. Asimbebe mtoto kabla hajaoga, na nguo zile zifuliwe peke yake.

Najua jibu lao: "Ikifungiwa, mwizi hatasubiri nitafute ufunguo." Hapana, kaka. Yapo masanduku yanayofunguka kwa alama ya kidole au namba, sekunde chache tu. Na kama bunduki yako ni fupi kama unavyojisifu, basi hata sanduku lake ni dogo. Kisingizio kimekwisha.

Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kinasema nyumba salama zaidi ni isiyo na bunduki. Kama ipo:

✅ Isiwe na risasi ndani.
✅ Ifungiwe.
✅ Risasi zifungiwe mahali pengine.
✅ Mtoto asijue ufunguo ulipo wala namba.

Na kama kuna mtu nyumbani amekata tamaa ya maisha, bunduki itoke kwanza, maneno baadaye. Piga 988, saa yoyote.

Mama, usiambiwe hili ni jambo la wanaume. Nyumba ni yako pia, na mtoto ulimbeba wewe. Leo kabla ya kulala muulize mwenzio swali moja tu: imefungiwa wapi?

Kesho Sehemu ya 4: namna ya kumuuliza jirani kuhusu bunduki kabla mtoto hajaenda kucheza kwake, bila kuvunja undugu. Mtumie na mwenzako asome. 🙏🏾