Shabiki hujulikana timu inapofungwa

PITA Kiamaiko Jumamosi alasiri, msomaji wangu, wakati mbuzi wa siku hiyo wamekwisha kuchinjwa na wauza nyama, vichwa na matumbo wanahesabu mauzo. Utawakuta vijana wamebanana katika kibanda cha video, macho yote yamekodolea mchuano wa Uingereza. Muulize mtoto wa miaka kumi ni nani anayelinda lango la Arsenal, atakujibu kabla hujafunga kinywa. Kisha muulize Mathare United watacheza lini tena, na dhidi ya nani. Atakutazama kana kwamba umemuuliza bei ya samaki mwezini.

Hilo ndilo ninalotaka tulizungumze leo, wewe baba, wewe mama, na wewe mwanafunzi unayesoma ukurasa huu ilhali vitabu vinakungoja mezani.

Sina ugomvi na yeyote anayeipenda Arsenal au Manchester United. Mapenzi hayana mipaka, na kandanda nzuri ni nzuri popote ichezwapo. Ugomvi wangu ni na jambo jingine ambalo limevaa nguo za ushabiki likaingia majumbani mwetu. Nazungumzia ule “mkeka” wa kamari unaotandikwa kwa simu. Kijana anafuata timu kumi kwa siku moja, nyingine za nchi ambazo hawezi kuzionyesha kwenye ramani. Zikishinda tisa na moja ikatoka sare, mkeka umechanika. Huyo si shabiki. Hajali timu hizo zilianzaje wala zitaishia wapi. Anajali shilingi zake tu, na mara nyingi shilingi zenyewe ni za karo au za unga.

Je, dawa yake ni nini? Kugomba hakusaidii, kwani ukimfokea nyumbani ataenda kubashiria kwa jirani. Mimi nashauri hivi: mpe mtoto wako timu moja, ya karibu na nyumbani, na aifuate msimu mzima kutoka mechi ya kwanza hadi ya mwisho. Msimu ni mwalimu ambaye kamari haiwezi kumfikia hata kwa ngazi.

Tuanze na msimu wenyewe. Katika ligi kuu yenye timu 18, kila timu hukutana na nyingine mara mbili, nyumbani na ugenini, jumla mechi 34. Ushindi ni pointi 3, sare ni pointi 1, na kushindwa ni mikono mitupu. Timu ikishinda zote itapata pointi 102, jambo ambalo hata ndotoni halitokei. Kileleni kuna kombe, na mkiani kuna shoka la kushushwa ngazi. Zamani ligi yetu ilianza na kuisha ndani ya mwaka mmoja. Siku hizi huanza mwaka mmoja ikamalizikia mwaka unaofuata, kama za Ulaya. Hiyo ni safari ya miezi mingi, msomaji. Mvua itanyesha, ratiba itapanguliwa, mshambuliaji ataumia, na kocha atafutwa. Yeyote anayeifuata timu hadi mwisho hujifunza subira bila kuambiwa kwamba anafundishwa subira.

Wapo watakaouliza, “Timu gani hiyo ya karibu?” Wakazi wa Kiamaiko, ninyi hamna haja ya kwenda mbali. Eneo lenu limo katika Mathare, na jina hilo limeandikwa katika vitabu vya soka ya nchi hii. Mwaka 1987 lilianzishwa shirika la vijana la MYSA, na miaka saba baadaye, 1994, likazaa Mathare United. Mwaka 1998 vijana hao walinyakua Kombe la Moi wakiwa bado nje ya ligi kuu. Walilichukua tena 2000. Kisha 2008 wakatawazwa mabingwa wa Kenya, mbele ya klabu kubwa zenye umri na mashabiki kuwazidi.

Lakini kinachonifurahisha mimi zaidi ya vikombe ni kanuni moja ya MYSA. Katika ligi zake za vijana, timu haipati pointi kwa mabao peke yake. Hupata pia kwa kushika fagio, mapauro na mikokoteni ikasafisha mitaro na kuzoa taka za mtaa. Fikiria jedwali ambamo timu hodari ya kufunga inaweza kupitwa na timu hodari ya kufagia! Mzazi, mweleze mtoto wako hilo, kisha umwonyeshe mtaro ulio mbele ya mlango wenu.

Mathare hiyo hiyo ndiyo aliyopitia Dennis Oliech, kijana ambaye Julai 2003 aliifungia Harambee Stars bao la pekee dhidi ya Cape Verde, likatupeleka katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika zilizofanyika Tunisia 2004.

Vuka barabara sasa uingie Kariobangi. Huko kuna Kariobangi Sharks, iliyopanda ligi kuu 2017. Mapema 2019 ilishinda mashindano ya vilabu vya Kenya na Tanzania yaliyochezwa Dar es Salaam, na zawadi yake ikawa kucheza na Everton ya Uingereza. Everton ikaja, na Julai mwaka huo, uwanjani Kasarani, mechi ikaisha 1-1. Katika mikwaju ya penalti Sharks ikashinda 4-3. Naam, timu ya hapo jirani, ambayo ukiwa Kiamaiko unaweza kuifikia mtaani kwake kwa miguu, iliishinda timu ambayo watu hulipa kiingilio kibandani kuitazama!

Siku hiyo watu walifurika. Ajabu ni kwamba siku ya kawaida ya ligi, wachezaji wa namna hiyo hiyo hucheza mbele ya viti vitupu, mpaka unamsikia kocha anavyomwita beki wake kwa jina. Sisi wenyewe tumewafanya kuwa wageni katika mji wao.

Najua utaniambia kwamba timu zetu zinaudhi. Kweli, zinaudhi. Mathare United yenyewe, baada ya utukufu ule wa 2008, ilifika mahali ikashuka ngazi, na ni 2024 ndipo iliporejea ligi kuu. Mwaka 2020 msimu ulikatizwa kwa sababu ya korona, Gor Mahia wakatangazwa mabingwa mechi zikiwa bado. Mwaka 2022 nchi nzima ilifungiwa na FIFA, kuanzia Februari hadi Novemba. Shabiki wa Kenya amekula chumvi nyingi, na chumvi nyingine ilikuwa ya kumwagiwa kidondani.

Hata hivyo, hapo ndipo penye somo. Waulize wafuasi wa Gor Mahia. Walitwaa ligi 1995, kisha wakangoja, wakangoja, wakangoja, hadi 2013. Miaka 18! Mtoto aliyezaliwa mwaka wa kombe lile alikuwa anatimiza umri wa kuchukua kitambulisho kombe jingine lilipofika nyumbani. Je, waliacha kuimba? La hasha. Watazame pia mashemeji wao wa AFC Leopards. Ligi waliichukua mara ya mwisho 1998, na msimu wa 2024/25 ulipomalizika walikuwa bado wanangoja. Kombe la msimu huo lilikwenda kwa Kenya Police, ambao hawakuwa wamewahi kulitwaa. Lakini Ingwe wakicheza, bado utawasikia mashabiki na ngoma zao kabla hujawaona.

Watu hao hawakulipwa na yeyote. Wanajua jambo ambalo mcheza kamari halijui, kwamba unaweza kupoteza Jumapili na bado Jumatano ukawa na kitu cha kutumainia. Mkeka ukichanika umekwisha. Timu ikifungwa, kuna mechi ijayo.

Sasa tuingie jikoni. Familia ifanyeje?

Kwanza, chagueni timu pamoja, na mkubaliane kwamba hakuna kuhama. Anayehama timu inapofungwa mara tatu hafai hata kuazimwa sufuria. Si lazima baba na mwana wawe wa timu moja. Nyumba yenye Gor na Ingwe ndani yake haikosi mazungumzo.

Pili, nunua daftari moja. Mpe mwanafunzi wa nyumbani kazi ya kulitunza. Kila wiki aandike matokeo na achore jedwali: mechi, ushindi, sare, kushindwa, mabao ya kufunga na ya kufungwa, pointi. Hiyo ni hesabu asiyoichukia. Mwulize, “Mechi zimebaki sita, tuna pointi 31, walio mkiani wana 27. Tunahitaji ngapi ili tusishuke?” Utamwona mtoto aliyekuwa akikimbia hesabu akikuna kichwa na kalamu mkononi.

Tatu, pangeni angalau mechi chache za kwenda uwanjani. Kiingilio cha jukwaa la kawaida katika mechi zisizo kubwa aghalabu hakizidi bei ya nusu kilo ya nyama ya mbuzi pale pale Kiamaiko. Toka mtaani, shika Outer Ring hadi Allsops, ingia Thika Road, na Kasarani hiyo. Ila hakikisha kwanza mechi iko uwanja gani na saa ngapi, maana ratiba zetu hubadilika kama hali ya anga. Bebeni maji na chochote cha kutafuna, na mwende mapema.

Nne, na hili nalisema kwa uzito, msianze na mechi kubwa. Oktoba 23, 2010, katika uwanja wa Nyayo, watu saba walikufa katika msongamano siku ya mchuano wa Gor Mahia na AFC Leopards. Walitoka nyumbani kwenda kutazama mpira, basi. Ukiwa na watoto, Debi ya Mashemeji isubiri hadi mmezoea viwanja. Chagua mechi yenye nafasi, kaeni mahali mnapoona njia ya kutokea, shikaneni mikono mkitoka, na usimruhusu mtoto kukimbilia lango wakati watu wanasukumana. Na yule atakayeokota jiwe kwa sababu refa amekataa bao, msimwite shabiki. Ni mhalifu mwenye jezi.

Tano, mchukueni babu, kama yupo na miguu inamruhusu. Ana yake ya kusimulia kuhusu 1987, Gor Mahia walipotwaa Kombe la Washindi barani dhidi ya Esperance ya Tunisia: sare ya 2-2 kule Tunis, sare ya 1-1 hapa Kasarani, na kombe likabaki Kenya kwa kanuni ya mabao ya ugenini. Watoto wengi hawajui kwamba nchi hii iliwahi kuwatetemesha Waarabu wa kaskazini. Babu anajua, ila hajapata wa kumsikiliza.

Utagundua jambo baada ya miezi michache. Kijana ambaye alikuwa akirudi nyumbani na kupita moja kwa moja hadi kitandani, simu usoni, atasimama mlangoni na kusema, “Baba, leo tumefungwa dakika ya mwisho.” Lisikilize vizuri neno hilo, *tumefungwa*. Hakusema wamefungwa. Amejihesabu miongoni mwao. Na wewe usimcheke, wala usimwambie kwamba ni mpira tu. Mpishe kiti, umwulize ilikuwaje. Baba wengi wa Eastlands wangetoa chochote wapate nusu saa ya mazungumzo na kijana wa miaka kumi na sita, na hii hapa imeletwa mlangoni na beki aliyeteleza.

Siku nyingine kijana huyo huyo atafungwa kwa njia nyingine. Mtihani utamwangusha, au kazi aliyoiomba atapewa mwingine. Hapo ndipo msimu ule wa pointi 31 utakapomfaa, kwa kuwa atakuwa amekwisha kuona kwa macho yake timu iliyopigwa Jumapili ikirudi mazoezini Jumatatu asubuhi, bila kamera wala makofi.

Kwa hivyo, msomaji, ratiba ya msimu mpya ikitangazwa usiipite kwa haraka kutafuta habari za Uingereza. Ikate, uibandike ukutani karibu na kalenda. Daftari ni la bei ndogo, na kalamu bila shaka ipo nyumbani. Mechi ya kwanza mkifungwa, msiseme nimewadanganya. Zitakuwa zimebaki 33.

Hadi Jumapili ijayo, kwaheri.