Haki Isilale Hadi Muda Wake Ukapita

Tarehe 24 Februari 2024, huko Ngaramtoni, katika barabara iendayo Namanga, lori liliyagonga magari mengine na watu 25 wakapoteza maisha. Ajali kubwa kama ile huandikwa magazetini. Zile ndogo za kila siku, za pikipiki barabarani na za mashine katika viwanda vya hapa Themi, hazina wa kuziandika ila majeruhi na jamaa zao.

Yapo majeraha mengine ambayo hatuna budi kuyasema, nayo ni yale ya kuchelewa. Majeruhi hulala hospitali, hurudi nyumbani, huuza ng'ombe ili alipe matibabu. Mwenye gari huja na sukari na pole, na kuahidi kwamba mambo yatazungumzwa. Mwaka hupita, na wa pili. Siku majeruhi anapokata shauri kwenda mahakamani, huambiwa kuwa mlango umefungwa.

Sheria ya Ukomo, iliyotungwa mwaka 1971, humpa aliyeumizwa kwa uzembe wa mwingine miaka 3 ya kufungua shauri la madai. Muda ukipita, mahakama hulitupa shauri hilo, hata kama mdaiwa hakulalamika. Hakimu hapimi tena ukubwa wa kidonda.

Wengi wetu hudhani kwamba mazungumzo husimamisha hesabu hiyo. Hayasimamishi. Wengine husubiri kesi ya jinai ya dereva iishe kwanza. Kesi hiyo ni ya Jamhuri. Faini au kifungo cha dereva si fidia ya majeruhi, na siku za madai huendelea kuhesabiwa. Tena, anayetaka kuishitaki Serikali hutakiwa kuipa notisi ya siku 90 kabla ya kufungua shauri. Basi asingoje mwezi wa mwisho.

Kwa mfanyakazi aliyeumia kazini muda ni mfupi zaidi. Chini ya Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, dai hutakiwa kuwasilishwa ndani ya miezi 12 tangu ajali. Amjulishe mwajiri mapema, wala asiridhike na ahadi ya mdomo.

Sheria haikukosa huruma. Kwa mtoto, muda huanza kuhesabiwa anapofikia utu uzima. Waziri mwenye dhamana ya sheria naye anaweza, akishauriana na Mwanasheria Mkuu wa Serikali, kuongeza muda usiozidi nusu ya ule uliowekwa. Lakini hiyo ni hiari yake, si haki ya mdai.

Wapo wanaosema kwamba kudai ni kukosa msamaha. Sisi hatukubali. Msamaha huondoa chuki moyoni. Haulipi ada ya shule ya watoto wa mtu aliyekatwa mguu. Aliyesamehewa kweli hulipa alichoharibu.

Kwa hiyo tunawaomba viongozi wa jumuiya: mnapokwenda kumpa pole majeruhi, muulizeni pia tarehe ya ajali, nanyi muiandike. Msaidieni kutunza fomu ya polisi, karatasi za hospitali, risiti na namba ya gari. Kisha mfikisheni mapema kwa wakili au kwa watoa msaada wa kisheria, wanaotambuliwa na sheria ya mwaka 2017.

Wahenga walisema: chelewa chelewa, utakuta mwana si wako.