Mbele ya Duka

Kina mama wengi tumewahi kulifikia duka la dawa baada ya Magharibi, kisha tukalipita bila ya kuingia. Bei hatukuiuliza, wala muuzaji hatukumwona. Taa ya nje ilikuwa imezimika, makasha yamejazana mlangoni, na kioo kimezibwa kwa mabango hata aliye ndani haonekani. Tulimshika mtoto mkono, tukaenda duka la mbali. Pengine mwenye duka alilaumu hali ya biashara.

Wazee wetu wa Mombasa na Lamu walijenga baraza za mawe kando ya milango. Watu waliketi wakiamkiana, na mpita njia akajua kuwa akipatwa na jambo yuko wa kumwitikia. Lakini baraza hiyo hiyo, ikikaliwa na wanaomkodolea macho kila mwanamke apitaye, humfukuza mteja kuliko giza.

Mtume wetu (S.A.W.) aliwafunza Maswahaba kwamba anayeketi njiani aipe njia haki yake: kuinamisha macho, kuzuia udhia, kuitikia salamu, kuamrisha mema na kukataza maovu. Haki hizo zamhusu pia mwenye duka ambaye kibaraza ni chake.

Basi twawanasihi wafanyabiashara wetu: washeni taa, ondoeni makasha, funueni kioo, na waonyeni wanaoketi mlangoni penu. Kisha usiku mmoja simameni ng'ambo ya njia, mlitazame duka lenu. Je, mngemtuma binti yenu peke yake?