Wito Haulipi Kodi ya Nyumba

Kila walimu wa nchi hii wanapodai nyongeza ya mishahara, hakosekani kiongozi wa kuwakumbusha kwamba ualimu ni wito. Siku hizi usemi huo umevishwa joho la kitaaluma. Katika warsha za wakuu wa shule hutajwa mwanasaikolojia Mmarekani, Abraham Maslow, na tukaambiwa kwamba mfanyakazi hatafuti fedha tu, bali pia heshima, kutambuliwa na nafasi ya kukitimiza kipaji chake. Hayo ni kweli. Ninachokipinga ni jinsi yanavyotumiwa.

Katika makala yake ya mwaka wa 1943, Maslow alianza na mahitaji ya mwili. Kisha akataja usalama, upendo, heshima, na mwisho haja ya mtu kuwa kile anachoweza kuwa. (Ule mchoro wa pembetatu ambao wanafunzi hukariri haumo katika makala hiyo.) Alikiri kuwa mpangilio huo si sheria ya chuma. Hata hivyo, aliyeweka chakula mwanzoni hawezi kugeuzwa shahidi wa kwamba cheti cha pongezi chaweza kushika nafasi ya ugali. Isitoshe, katika kitabu chake cha mwaka wa 1965 kuhusu usimamizi, alionya kwamba nadharia yake ilitokana na kazi ya kliniki, na kwamba wenye viwanda walikuwa wakiipokea kwa pupa kabla haijapimwa vya kutosha.

Watazame walimu wanagenzi wa sekondari msingi, walioanza kazi mwaka wa 2023 kwa Sh20,000 kwa mwezi kabla ya makato. Walipogoma mwaka wa 2024, sidhani walikuwa wamepungukiwa na wito. Walikuwa na kodi ya nyumba, nauli, na wazazi waliodhani kwamba mtoto wao sasa ameajiriwa.

Lakini vyama vya walimu navyo havijaimaliza hoja kwa kudai mshahara pekee. Hapa mniwie radhi nirejee taaluma yangu. Katika mazungumzo ya kila siku nchini, neno 'motisha' limekuja kumaanisha kitu apewacho mtu: bahasha, zawadi, au safari ya Mombasa matokeo ya KCSE yakiwa mazuri. 'Ari' ni jambo jingine. Asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya aibu, na mwenye ari ni yule ambaye nafsi yake haimruhusu kuifanya kazi ovyo. Ari haitiwi katika bahasha. Yaweza kuuawa, hata hivyo, na njia ya haraka ya kuiua ni kumfanya mtu mzima ahisi kuwa haaminiki.

Mwaka wa 1960, Douglas McGregor alitofautisha dhana mbili za usimamizi. Ya kwanza hushikilia kwamba binadamu huichukia kazi, hivyo sharti asukumwe na kuchungwa. Ya pili husema kwamba mtu akiyakubali malengo, hujiongoza mwenyewe. Mfumo wa TPAD wa kutathmini walimu, uliozinduliwa mwaka wa 2016, ulivyoandikwa ni mwana wa dhana ya pili: mwalimu hujipima kwanza, kisha hujadiliana na msimamizi wake. Nani angepinga hilo? Lakini walimu wamelalamika mara nyingi kwamba kazi hiyo imegeuka kuwa ya kujaza fomu na kukusanya ushahidi muhula baada ya muhula, nayo madaftari ya wanafunzi yakingoja kusahihishwa. Kwa maoni yangu, hiyo ni dhana ya kwanza iliyoazima kanzu ya pili.

Mwalimu akieleza katika tathmini yake kwamba darasa lina wanafunzi themanini, ningependa kujua ni nani anayeyasoma maelezo hayo, na baada ya kuyasoma hufanya nini.