Sunny si Mchawi

Imekuwa desturi miongoni mwa baadhi ya walimu na wahakiki wetu kuihukumu riwaya ya vijana kwa kutazama jalada lake. Akata Witch (2011) ya Nnedi Okorafor ni mfano. Jina lake lina neno ambalo kamusi zetu hulifasiri kuwa 'mchawi'. Kwa hiyo, husemwa, haifai kuwekwa mbele ya msichana wa Eldas au Garissa, ambako sihiri ni dhambi kubwa na hakuna anayelibishia hilo. Makala haya yanaipinga hukumu hiyo. Imani ya msomaji ina uzito wake. Lakini hukumu yenyewe imetolewa juu ya neno, si juu ya kitabu.

Mchawi, kwa Kiswahili, ni mtu anayedhuru. Anayetibu ni mganga. Anayechezea macho ya watu hufanya kiinimacho. Lugha imekwisha kuwatenga hao zamani. Sunny Nwazue, msichana wa miaka 12 katika mji wa Aba, Nigeria, hamdhuru mtu. Yeye na wenzake watatu, Orlu, Chichi na Sasha, wanasomea elimu ya siri ya jamii iitwayo Watu wa Chui, na kazi wanayopewa ni kumzuia mtu anayewateka watoto na kuwatoa kafara. Mchawi wa riwaya hii, kwa maana yetu, ni huyo. Tena katika jamii hiyo fedha huanguka kutoka hewani kila mtu anapojifunza jambo jipya. Ni mwalimu gani wa Kaskazini Mashariki atakayeona haya kulifundisha hilo?

Hoja ya dini siitupi. Sura ya Al-Baqara, aya ya 102, inawataja Haruti na Maruti pamoja na onyo juu ya sihiri. Lakini kusimulia si kufundisha. Shaaban Robert, Mwislamu, aliwaingiza majini na binadamu waliogeuzwa manyani katika Adili na Nduguze, na vizazi vya wanafunzi vimekisoma kitabu hicho. Sijasikia mzazi aliyelalamika. Na katika nyumba za Kisomali watoto husimuliwa habari za Dhegdheer, mwanamke mla-watu mwenye sikio refu linalosikia nyayo za mbali. Msichana aliyelelewa kwa hadithi hizo hahitaji kulindwa dhidi ya Okorafor. Labda anayehitaji ulinzi ni mhakiki.

Linalostaajabisha zaidi ni kwamba neno la kwanza la jina hilo halikumshughulisha mtu. 'Akata' ni tusi ambalo baadhi ya Wanigeria humpachika Mmarekani mweusi, na Sunny, aliyezaliwa New York na wazazi wa Kinigeria, hutukanwa hivyo katika nchi ya wazazi wake. Msomali wa Kenya analijua jambo hili vyema. Akivuka mpaka, jamaa zake humwita 'sijui' kwa sababu ya Kiswahili chake. Na nchini mwake mwenyewe, mwaka 1989, serikali iliwachuja Wasomali na kuwapa kadi za pekee ili ithibitike kwamba ni Wakenya. Rafiki wa mtu anayekataliwa pande zote mbili ni nani? Riwaya inalijibu swali hilo kwa msuko wake: nguvu ya mmoja haitoshi, na kasoro ya kila mmoja ndiyo uwezo wake. Orlu, ambaye herufi humchanganya asomapo, ndiye anayeweza kuyafumua mambo yaliyofungwa na waovu. Urafiki hapa ni sharti la kubaki hai.

Ila ipo, nayo ni kubwa. Sunny ni albino, na kipaji chake kimefungamanishwa na ngozi yake. Tangu mwaka 2007 hivi, nchini Tanzania, watu wenye ualbino wameuawa na kukatwa viungo kwa uongo kwamba miili yao huleta utajiri. Wapinzani wa kitabu walikuwa na silaha ya kweli hapa, wakaiacha chini. Kwa upande wangu, simtii mwandishi hatiani kabisa: nguvu ya Sunny ni yake mwenyewe, na kuua watoto ndio uovu ambao riwaya inapigana nao. Lakini baada ya kuingizwa katika elimu hiyo, jua halimuunguzi tena, na hilo ni kosa. Msomaji mwenye ngozi kama yake, katika jua la Eldas, hatapata muujiza huo; atahitaji kofia, mafuta ya kujikinga na kivuli. Mwandishi jasiri zaidi angeliacha jua liwake, na wale watatu wakamshikia mwavuli.

Atakayeifasiri riwaya hii kwa Kiswahili atalazimika kuamua, kabla ya ukurasa wa kwanza, atamwita Sunny nani. Asimwite mchawi.