Gari Dogo Lenye Nguvu Magurudumu Yote Manne

Wengi wetu tukisikia habari za gari linaloendeshwa na magurudumu yote manne hufikiria Land Rover la kikosini: refu, zito, lenye kelele, tena mnywaji hodari wa petroli. Juma hili nawaletea habari za gari dogo la kawaida lililopewa nguvu za namna hiyo.

Asili yake ni Japani ya kaskazini. Mafundi wa kampuni ya umeme ya Tohoku walikuwa wakikagua nyaya milimani wakati wa theluji. Magari yao ya aina ya jeep yalipanda milima vizuri, lakini waliomo ndani waliteseka kwa baridi. Likatakiwa gari lenye starehe. Mwaka 1971 Subaru walionyesha mjini Tokyo gari lao dogo lililotiwa ekseli ya nyuma ya Nissan Bluebird, na Septemba 1972 likatoka Leone la kubebea mizigo, lenye injini isiyotimia sentimita za ujazo 1,400.

Umbo la injini ndilo lililorahisisha kazi. Pistoni zake nne hulala ubavu, mbili kila upande, na giaboksi imekaa nyuma yake katika mstari mmoja. Magurudumu ya mbele yalikuwa tayari yakiendeshwa nayo. Basi ilibaki kutoa propela nyuma ya giaboksi, ikapita chini ya sakafu hadi kwenye difu ya nyuma. Katika gari ambalo injini yake imekaa kukingama, nguvu hazina budi kupindishwa kwanza, ndipo zielekee nyuma.

Lakini iko kasoro. Gari likatapo kona, magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma, na Leone hilo halikuwa na difu ya katikati ya kusawazisha tofauti hiyo. Penye matope tairi huteleza kidogo na mkazo hutoka. Penye lami kavu hazitelezi kwa urahisi; mkazo hubaki katika propela na meno ya gia, usukani ukawa mzito na tairi zikaliwa upesi. Ndiyo sababu liliwekewa mkono wa kuunganisha na kukata nguvu za magurudumu ya nyuma.

Jamaa yangu mmoja aliyekuwa na gari la namna hiyo aliamini kwamba manne ni salama kuliko mawili popote pale. Alitoka shamba, akaingia mjini, akapita lami miezi kadhaa bila kuugusa mkono ule. Mwishowe giaboksi ilifunguliwa gereji, na karo ya watoto ikalipwa muhula uliofuata. Mkewe hajalisahau jambo hilo hata leo.

Mwaka 1980 Leone liliingia katika mashindano ya Safari Rally nchini Kenya. Mwaka huo huo Audi walitoa Quattro lenye difu ya katikati, na kabla ya miaka ya 1980 kwisha Subaru nao walikuwa na magari yenye difu hiyo.

Mwenye gari la zamani, ukifika kwenye lami na mkono ukagoma kutoka, usiulazimishe. Rudi nyuma mita chache, usukani ukiwa umenyooka, mkazo utalegea na mkono utatoka wenyewe.