Chombo cha usafiri cha mwenye ulemavu kihesabiwe kama mtaji

Mkulima akienda kwenye chama chake cha akiba na mikopo kuomba fedha za pampu ya kumwagilia, hakuna anayemwonea huruma. Ataulizwa shamba lina ukubwa gani, atapanda nini, atauza wapi na atarejesha kwa muda gani. Lakini mkulima huyo huyo akipoteza mguu, kisha akaja kuomba fedha za kununua bajaji na kuirekebisha ili aiendeshe kwa mikono mpaka sokoni, maswali yote hayo hupotea. Ataambiwa apeleke barua kwa mheshimiwa, au asubiri wafadhili wa sikukuu. Suala la biashara limegeuka ghafla kuwa suala la sadaka.

Kwa mtazamo wangu, hapo ndipo tunapokosea hesabu, na kosa hilo linatugharimu sote tunaoishi kwa kulima na kuuza.

Nina baba yangu mdogo anayeishi Toangoma, Temeke, na shamba lake la michungwa liko Mkuranga. Kisukari kilimwondolea mguu wa kulia chini ya goti. Shamba halikufa, michungwa iliendelea kuzaa kama kawaida. Kilichokufa ni safari yake ya sokoni. Kwa misimu miwili mfululizo aliuza machungwa yakiwa bado mtini, kwa dalali aliyekuwa akifika na habari ile ile kwamba sokoni mzigo umejaa na bei imeanguka. Labda ilikuwa kweli, labda si kweli. Baba mdogo hakuwa na namna ya kujua. Siku moja aliniambia, "Mwanangu, siku hizi namuuzia anayenijia, si ninayemtaka." Mimi niliyesomea uchumi wa kilimo nimekaa darasani miaka kadhaa nikifundishwa jinsi mkulima asiye na taarifa za soko anavyopunjwa. Sikuwahi kufundishwa kwamba taarifa hizo zinaweza kukatika kwa sababu ya goti moja.

Ukoo ulichanga tukamnunulia kiti mwendo. Wanaoijua Toangoma, Chamazi au mitaa ya ndani ya Mbagala wanajua kilichofuata. Kile kilikuwa kiti cha aina ya hospitali, chenye magurudumu madogo mbele, na mchanga wa kwetu ukayameza hatua chache kutoka mlangoni. Mvua ikinyesha ndiyo usiseme. Daladala nako ni kisa kingine: ngazi ziko juu, konda ana haraka, na abiria wa kiti mwendo anahesabiwa kama anayekula nafasi ya watu watatu. Mabasi yaendayo haraka, yaliyoanza Mei 2016 kwenye njia ya Kimara, yana vituo ambavyo sakafu yake iko sawa na sakafu ya basi, na hilo ni jambo jema sana. Lakini mtu huyo lazima kwanza afike kituoni, na kati ya nyumba yake na kituo kuna mchanga ule ule.

Sasa tufanye hesabu kidogo. Namba hizi ni za mfano, msomaji azibadilishe kulingana na bei za mtaani kwake.

Chukua mama anayeuza viazi na vitunguu Mbagala Rangi Tatu, miguu yake haifanyi kazi lakini mikono yake ina nguvu. Mzigo anaununua soko la Temeke Stereo mara 3 kwa wiki. Tuseme bajaji ya kukodi kwenda ni sh. 8,000, kurudi na mzigo ni sh. 12,000, na kijana wa kumsaidia kupanda, kushuka na kuzunguka sokoni ni sh. 5,000. Safari moja inamgharimu sh. 25,000. Kwa wiki 50 ni safari 150, yaani sh. 3,750,000 kwa mwaka. Makuli wa kupakia sijawahesabu, kwa kuwa kila mnunuzi huwalipa, mwenye miguu na asiye nayo.

Akiwa na bajaji yake iliyotumika lakini nzima, pamoja na kazi ya fundi, tuseme ametumia sh. 5,500,000. Petroli ya sh. 5,000 kwa safari ni sh. 750,000 kwa mwaka. Matengenezo na matairi sh. 600,000, bima, leseni na ada nyingine sh. 250,000. Jumla ni sh. 1,600,000. Anaokoa sh. 2,150,000 kila mwaka, na chombo kinajilipa baada ya miaka miwili na nusu hivi. Hapo bado sijagusa faida ya kuwahi. Anayefika Stereo saa 11 alfajiri anachagua gunia, anayefika saa 3 asubuhi anachaguliwa gunia. Kama kuwahi kunampa sh. 5,000 tu zaidi kwa safari, anaongeza sh. 750,000 kwa mwaka, na deni linakwisha kabla miaka miwili haijatimia. Ni wafanyabiashara wangapi wadogo wenye mradi unaojilipa kwa kasi hiyo?

Na kuna gharama ambayo haiingii kwenye daftari la mtu yeyote. Ni yule mtoto wa darasa la sita anayekosa shule siku ya soko ili amsukume mama yake.

Wapo watakaosema kuwa mwenye ulemavu hawezi biashara ya kusafirisha mizigo. Wafanyabiashara wa mipakani watawacheka. Pale mpakani Busia, kati ya Kenya na Uganda, watu wenye ulemavu wamekuwa wakivusha bidhaa kwa baiskeli za magurudumu matatu zinazozungushwa kwa mikono. Mpakani Goma, mashariki mwa Kongo, baiskeli za namna hiyo zimetengenezwa kubwa, zenye nafasi ya magunia, na wenye nazo wanaajiri wasukumaji wenye miguu miwili mizima. Sehemu ya biashara yao ilitokana na unafuu walioupata kwenye ushuru, hilo lazima lisemwe. Lakini unafuu huo usingemsaidia mtu aliyekaa nyumbani. Kilichowafikisha mpakani ni chombo.

Kwa upande wa ufundi, kuna jambo ambalo mafundi wetu wanalijua siku nyingi na wengine wengi hawalijui. Bajaji ya kawaida ya abiria tayari inaendeshwa karibu yote kwa mikono. Klachi na gia ziko mkono wa kushoto, mafuta yako mkono wa kulia. Kinachohitaji mguu ni kanyagio la breki, lililo upande wa kulia. Ndiyo maana chombo hiki kimekuwa kimbilio la madereva wengi wenye ulemavu jijini. Fundi anaunganisha wenzo wa chuma kwenye kanyagio na kuupandisha mpaka mkono unapoufikia, dereva akiuvuta breki inashika. Kazi yenyewe inaonekana ndogo, na hapo ndipo ilipo hatari yake. Wenzo uliochomelewa ovyo ukikatika kwenye mteremko umebeba mzigo, hakuna cha kukuokoa. Ule wa baba mdogo ulirudishwa kwa fundi mara mbili. Mara ya kwanza ulikuwa ukipinda akivuta kwa nguvu. Namshauri yeyote anayefanya kazi hii asilipe fedha ya mwisho kabla hajaujaribu akiwa amepakia uzito kamili, mahali pa tambarare pasipo na magari.

Kwa asiyeweza kujihamisha kutoka kwenye kiti chake, bajaji ya abiria haifai, kwa sababu injini iko nyuma na huwezi kuikata sakafu. Pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu inafaa zaidi. Injini yake iko mbele chini ya dereva, na nyuma kuna bodi tupu inayoweza kuwekewa ubao wa kupandia na vifungo vya kushika kiti kisiteleze. Abiria anapanda akiwa amekaa pale pale kwenye kiti chake. Mwenye mikono dhaifu amwajiri dereva, kama wanavyofanya matajiri wa daladala ambao hawajawahi kushika usukani. Kumiliki si lazima kuendesha.

Wenye uwezo mkubwa kidogo, au vikundi, wanaweza kufikiria gari. Toyota huuza nchini Japani magari yaliyotengenezwa kiwandani kwa ajili ya viti mwendo, kwa jina la Welcab, na miongoni mwake zimo Noah na Hiace, aina ambazo kila fundi wa Dar es Salaam anazijua kwa kufumba macho. Nyingine zina ubao wa kuteremka nyuma, nyingine lifti. Kwa hiyo anayeagiza gari lililotumika anaweza kutafuta la aina hiyo badala ya kununua la kawaida kisha akalikata. Ikumbukwe pia kwamba Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, kwenye jedwali lake la tano, inataja msamaha kwa vifaa vilivyotengenezwa mahsusi kwa watu wenye ulemavu, likiwamo gari moja. Kuna masharti, na karatasi ni nyingi. Muulize ofisa wa TRA kabla gari halijapandishwa melini. Ukiuliza likiwa bandarini umechelewa.

Kazi hii ni biashara kwa mafundi pia. Mmarekani Ralph Braun, aliyezaliwa mwaka 1940 kwenye mji mdogo wa Winamac, jimbo la Indiana, alikuwa na ugonjwa wa kudhoofika kwa misuli. Alijitengenezea kipikipiki cha magurudumu matatu ili afike kazini. Kiwanda alichokuwa akifanya kazi kilipohamia mbali zaidi, akachukua jipu kuukuu la posta, akaliwekea vidhibiti vya mikono na lifti ya nyuma. Watu wakamwona, wakaanza kuagiza. Kutokana na karakana hiyo ilikua kampuni kubwa ya kutengeneza magari ya watu wanaotumia viti mwendo, na Braun alifariki mwaka 2013 akiwa mwajiri wa watu wengi. Gerezani na Keko tuna mafundi wa kuchomelea wasiopungukiwa na akili hiyo. Chang'ombe, hapo hapo Temeke, kuna chuo cha VETA. Sioni kwa nini kusiwe na mchoro mmoja uliopimwa na kukubalika wa wenzo wa breki, badala ya kila fundi kubuni wake na kila mteja kuwa wa majaribio.

Fedha zipo? Kidogo zipo. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 wanawake, 4 vijana na 2 watu wenye ulemavu. Jambo hilo liliwekwa kwenye sheria mwaka 2018. Mwaka 2021 kanuni zililegezwa ili mtu mmoja mwenye ulemavu aweze kukopa bila kusubiri kundi, jambo la busara, kwa kuwa watu watano hawawezi kugawana bajaji moja. Mikopo hiyo ilisimamishwa Aprili 2023, ikarejeshwa mwaka 2024. Ninachowaomba maofisa wa maendeleo ya jamii wa Kinondoni na Temeke ni kwamba anapokuja mwombaji anayetaka chombo cha kumfikisha sokoni, wasimwambie arudi na "mradi wa uzalishaji" kama kuku au batiki. Chombo chenyewe ni sehemu ya uzalishaji, kama pampu, kama jembe la trekta. Wamdai daftari la mauzo, wamdai leseni, wakague breki. Wamdai na marejesho pia, maana asiyedaiwa hachukuliwi kama mfanyabiashara.

Lakini mkopo bila barabara ni mtego. Juni 2017 madereva wa bajaji wenye ulemavu waliandamana katikati ya jiji la Dar es Salaam wakipinga kuzuiwa kuingia mjini, na polisi wakawatawanya kwa mabomu ya machozi. Picha za watu wakiburuzwa mbali na viti vyao zilisikitisha wengi. Mimi nakumbuka pia upande wa hesabu. Mtu amekopa kwa kutegemea njia fulani, asubuhi anaamka njia imefungwa, marejesho yanabaki yale yale. Mamlaka ikitaka kubadili njia za bajaji ina sababu zake, foleni tunaziona. Basi iwape hawa notisi ya kutosha, au iwaachie maegesho maalumu karibu na masoko. Mwenye miguu akishushwa Kamata atatembea mpaka Kariakoo. Huyu hawezi.

Baba mdogo sasa ana msimu wa pili na bajaji yake. Kiti cha nyuma amekitoa, ameweka sanduku la mbao la kubebea machungwa, na magongo yake yako ubavuni. Haendi na mzigo wote. Mwingi bado unakwenda kwa Fuso la kukodi. Anachofanya ni kutangulia sokoni alfajiri na sampuli ya kapu moja, anauliza bei kwa wanunuzi watatu wanne, ndipo anapiga simu shambani kusema Fuso lipakiwe au lisubiri. Dalali yule wa zamani bado anakuja Toangoma. Mara ya mwisho alikuta mlango umefungwa, akaacha namba yake kwa jirani.